Mawe Chini ya Chumba cha Mwanangu

Nilipopangiwa kituo cha afya karibu na Ipinda, huku Kyela, nilifika na sanduku moja, godoro, na binti yangu wa mwaka mmoja na nusu mgongoni. Mimi ni mtu wa Kondoa. Kwetu mvua ni kitu cha kuombewa. Kyela mvua inakufuata mpaka ndani ya viatu. Kazi yangu ni ya maabara, lakini watu wa pale waliniita daktari, kama wanavyomwita kila aliyevaa koti jeupe, na baada ya mwezi mmoja nikachoka kuwasahihisha.

Nilipanga kwa bibi mmoja mjane, mkulima wa kakao na mpunga. Nyumba yake ilijulikana kwa sababu ilikuwa imeinuka kuliko zote. Nchi ile ni tambarare, na mto ukijaa maji hayabishi hodi. Mwaka mmoja, zamani, mafuriko yaliondoka na kuku wake wote na nusu ya mpunga uliokuwa ndani, na marehemu mumewe akaapa kwamba hatajenga tena chini. Aliagiza mawe kutoka upande wa Matema, kwenye miguu ya milima, trekta baada ya trekta, akapandisha msingi mpaka usawa wa kiuno cha mtu mzima. Bibi aliniambia habari hiyo siku ya kwanza kabla hata hajaniambia kodi.

"Mume wangu hakuwa na maneno mengi," alisema. "Maneno yake ni haya mawe."

Mimi na mwanangu tulipewa chumba cha nyuma. Sakafu ilikuwa ya saruji, imepasuka toka pembe ya dirisha mpaka chini ya kitanda, ufa ambao ungeweza kuingiza ukucha. Dirisha lilikuwa dogo, na mimi nililifunga karibu muda wote. Niliogopa mbu, niliogopa unyevu, na kuna majira wadudu wadogo wa ziwani hupanda kama moshi na upepo ukawaleta mpaka bara. Baba wa mtoto alikuwa dereva wa lori, akivuka mpaka wa Kasumulu kwenda Malawi na mbele zaidi. Akiondoka ziliweza kupita wiki tatu, mara nyingine tano.

Mwanangu alianza kuumwa kabla hatujamaliza mwaka. Homa, kisha kikohozi, kisha sikio likatoa usaha. Akipona wiki mbili, anaanza tena. Alilala kinywa wazi akikoroma kama mzee. Nilimpima malaria mwenyewe, mara nyingine ipo, mara nyingine haipo. Nilimpa dawa. Bibi alimchemshia majani, akamkanda kifua, akamlisha mbalaga, ndizi za kupika, laini, kwa mkono wake. Alipofika miaka mitatu alikuwa mwepesi mno. Nikimnyanyua nilihisi mbavu zake moja moja.

Ndipo walipokuja watafiti.

Aliyewaongoza alikuwa mwanamke wa umri wangu, mwalimu wa chuo kikuu, mpole, mwenye kofia ya pama na buti za mpira. Walikuwa wakizunguka pembe hii ya kaskazini ya ziwa wakipima mionzi ya asili kwenye udongo, mchanga wa ufukweni, visima na nyumba. Walikuwa na vibali vyote. Waliomba kituo chetu kisaidie kutoa damu kwa watu wazima waliokubali, hasa walioishi mahali pamoja miaka mingi. Mimi ndiye niliyeshika sindano, na bibi alikuwa miongoni mwa waliotoa.

Tukiwa kwenye maabara nilimuuliza wanatafuta nini hasa ndani ya damu.

"Askari," alisema, akatabasamu. "Chembe nyeupe. Mionzi hii ipo tangu dunia iumbwe. Inatoka kwenye miamba, kwenye udongo, juu angani. Hata wewe unayo mwilini, hata ndizi inayo. Mahali pengi ni kidogo tu, mahali pengine inazidi. Tunachouliza ni hiki: mtu aliyeishi nayo toka kuzaliwa, kinga yake ya mwili inafanyaje? Inachoka? Au inajizoesha, pengine hata inakuwa macho zaidi?"

"Na jibu ni lipi?"

"Ingekuwa tunalijua nisingekuwa nakanyaga matope yenu."

Alicheka. Mimi sikucheka. Kuna watu wanaotulizwa na neno "hatujui" likisemwa na msomi. Mimi siyo mmoja wao. Neno lile liliingia likakaa.

Siku iliyofuata walifika kwa bibi, kwa sababu nyumba yake ina historia na mawe yake hayakutoka pale. Ilikuwa saa nne asubuhi. Kakao ilikuwa imeanikwa uani, hewa imejaa ile harufu yake ya siki. Mtafiti alikuwa na kipima mionzi, kifaa kidogo chenye mkanda wa shingoni, kinacholia tik, tik. Uani kililia polepole, kama mtu anayefikiri. Sebuleni kikaongeza kidogo. Alipoingia chumba chetu na kuinama karibu na ule ufa, kando ya kitanda, kikaanza kulia haraka, milio ikifukuzana, na mwanangu aliyekuwa amekaa kitandani akapiga makofi akidhani ni mchezo.

Mtafiti aliandika kwenye daftari lake, akapiga picha ukuta.

"Ni kubwa?" nikamuuliza.

"Ni zaidi ya uani. Mawe ya namna hii huwa hivyo. Siyo ya kutisha."

"Lakini ni zaidi."

"Ni zaidi," alikubali. Akatazama dirisha. "Hili unalifungua? Kuna hewa inayotoka kwenye mawe ikapenya kwenye nyufa. Haina harufu wala rangi. Chumba kikifungwa inajikusanya. Fungua dirisha, ziba ufa, inatosha."

Nilisikia "hewa isiyo na harufu wala rangi". Yale mengine sikuyasikia. Nilimtazama mwanangu, mwenye shingo nyembamba na pamba sikioni, amekaa juu ya kitu kile mwaka mmoja na nusu, akikivuta ndani usiku na mchana kwa kinywa kilicho wazi. Na mimi ndiye niliyefunga dirisha.

Mchana ule nilimpeleka kazini, nikamchoma kidole. Kituo chetu hakikuwa na mashine ya kuhesabu chembe. Nilizihesabu mwenyewe kwa hadubini, kwa mkono, kama tulivyofundishwa chuoni, nikarudia mara ya pili, nikatengeneza kioo kingine nikarudia ya tatu. Chembe nyeupe zilikuwa pungufu. Zile zinazokimbilia vijidudu kwanza ndizo zilizopungua zaidi. Zilikuwa chini ya kiwango kilichobandikwa kwenye karatasi ya ukutani. Nilikaa kwenye kile kiti kirefu cha maabara, kioo bado mkononi.

Nilimwambia muuguzi mmoja tu, rafiki yangu. Nilimwambia, "Kinga ya mtoto imeshuka."

Yeyote anayeishi nchi hii anajua maneno hayo yanamaanisha nini yakisemwa kwa sauti ya chini. Muuguzi alinishika mkono, akaniuliza kwa upole, "Mmepima?"

"Siyo hilo," nikamjibu upesi. "Ni mawe. Mionzi. Mtafiti mwenyewe amepima mbele yangu."

Aliniangalia kidogo, kisha akasema, "Sawa, dada."

Sasa nitasema jambo ambalo kwa muda mrefu sikulisema. Mimi ndiye niliyekuwa napima watu virusi vya ukimwi pale. Kila siku. Nilijua kuketi na mama mwenye hofu dakika kumi na tano tukisubiri mstari. Lakini mimi nilipima mara ya mwisho nikiwa mjamzito, Kondoa, nikakutwa sina. Baada ya hapo nilinyonyesha miezi ishirini, na mume wangu alikuwa barabarani, na alirudi mara mbili na harufu ya sabuni nisiyoijua, na mimi sikuuliza, na sikupima. Kliniki ya mtoto waliponiuliza nilisema tayari. Nani angemtilia shaka mtu wa maabara? Kwa hiyo yale mawe, yalipolia, yalinitisha kweli, na wakati huohuo yalinipa mahali pa kuiweka hofu. Nilikimbilia kuyaogopa.

Nikayaogopa kwa nguvu zangu zote. Nilihamisha godoro sebuleni. Nilikataza mtoto kugusa ukuta. Nilinunua maji ya chupa ingawa kisima kilikuwa mita chache. Nilitafuta habari kwenye simu mpaka macho yakauma, na kila nilichosoma kilikuwa na "huenda". Huenda inaharibu. Huenda haina neno. Huenda mwili unazoea. Nilizichukua zile huenda mbaya tu.

Na maneno yangu yalikuwa yametoka. Sijui kama ni muuguzi au ni mimi mwenyewe, kwa jinsi nilivyokuwa nikitembea nikiwa na uso ule. Ndani ya wiki moja mama mmoja alikuja maabara akaniuliza kama kupita mbele ya nyumba ile kunazuia uzazi. Mnunuzi wa kakao akamwambia bibi asubiri kwanza. Watoto waliokuwa wakija kucheza uani hawakuja.

Asubuhi moja nilifunga vitu vyangu. Bibi alikuwa anageuza kakao kwa reki. Alisimama aliponiona na sanduku.

"Daktari, unasafiri?"

"Nahama, bibi. Nimepata chumba Mbugani, kule mjini. Mtoto wangu hawezi kulala hapa. Haya mawe yanaua."

Aliweka reki chini taratibu. "Yanaua nani? Mimi nimelala juu yake tangu mume wangu ayapange. Nimezaa watoto wanne juu yake."

Na mimi nikasema, Mungu anisamehe, "Na waliokufa ni wangapi?"

Sikuwa nimepanga kuuliza. Lilitoka tu, kama mtu anavyorusha kilicho karibu. Bibi alinitazama, kisha akatazama nyumba, kisha akanitazama tena.

"Wawili," alisema.

Alisema hivyo tu. Nilipanda bodaboda, mtoto mbele yangu, sanduku nyuma, na kilomita zote mpaka Kyela mjini sikugeuza shingo. Lakini nilimwona. Nilimwona amesimama uani akihesabu upya watoto wake.

Chumba cha Mbugani kilikuwa nyuma ya duka la vifaa vya umeme. Sakafu mpya, kuta za tofali za saruji, dirisha kubwa lenye wavu. Kila asubuhi nilipanda gari la kwenda Ipinda kazini, na mwanangu nilimwacha kwa mke wa mwenye duka, mama mkarimu. Kwa siku kumi na tisa hakuumwa. Nilikuwa nazihesabu. Siku ya kumi niliamini, siku ya kumi na tano nilimpigia simu mume wangu nikamwambia nimeokoa mtoto.

Siku ya ishirini, saa tatu asubuhi, nikiwa bado sijaondoka kwa kuwa gari lilichelewa, mtoto alichemka ghafla. Nilikuwa namfunga kanga nimtoe nje alipogeuza macho juu, akakakamaa, mikono ikaanza kupiga. Degedege. Nimeiona kwa watoto wa watu mara nyingi na kila mara nilijua cha kufanya. Siku ile nilisimama katikati ya chumba kipya, kizuri, chenye hewa, nikalia "Mama! Mama!" kama mtoto mdogo, na mke wa mwenye duka ndiye aliyemlaza ubavu na kumlegeza nguo.

Ilipita. Hospitalini Kyela walimpima, malaria kali. Wakamtibu, lakini daktari aliposikia habari yake yote na kuona lile sikio, akatuandikia rufaa ya kwenda Mbeya.

Mbeya kulikuwa na baridi. Daktari wa watoto alikuwa mwanaume wa makamo, anayeongea polepole huku akiandika. Nilimweleza kila kitu kwa mpangilio: mawe, ufa, kipima mionzi, chembe nyeupe nilizozihesabu mara tatu. Nilikuwa nimeandaa maelezo yangu kama mtu anayekwenda mahakamani. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Kisha akauliza swali moja.

"Virusi, wewe na mtoto, mlipima lini mara ya mwisho?"

Nilifungua mdomo. Nilitaka kusema "tayari", lile neno langu la kliniki. Halikutoka.

"Yeye hajawahi," nikasema. "Mimi ni toka mimba yake."

Hakunishangaa, na afadhali angenishangaa. Alisema tu, "Wewe ni mtu wa maabara, unajua tunaanzia wapi," akamwita mshauri.

Tulikaa chumba kidogo chenye bango la kunawa mikono. Mshauri alikuwa mama mnene mwenye miwani, akaniambia maneno yaleyale ninayowaambia wengine, kwa mpangilio uleule, na nikagundua kwamba anayeambiwa hasikii hata moja. Alinichoma mimi, kisha mwanangu. Vipimo viwili vikawekwa juu ya meza, kimoja kando ya kingine. Nilijua namna tone linavyopanda. Nilijua mstari wa kwanza unatokea wapi na wa pili ungetokea wapi. Mama yule aliniambia ninaweza kutazama pembeni. Sikuweza. Dakika zile niliwaza mambo ya ajabu. Niliyaombea mawe yawe na hatia. Nilimwomba Mwenyezi Mungu anipe mionzi, anipe hewa isiyo na rangi, anipe kitu chochote kilichotoka ardhini, lakini siyo hiki ambacho kingetoka kwangu. Nikayataka mawe yaleyale ambayo kwa ajili yake nilimwumiza mwanamke mzee.

Mstari mmoja ukatokea kwangu. Mmoja kwa mwanangu. Tukasubiri mpaka muda ukaisha na hata ukapita. Mmoja na mmoja.

"Hamna," alisema yule mama. "Wote wawili hamna."

Sikulia. Nilitapika, kwenye beseni la kunawia, na yule mama akanishika kichwa.

Daktari alipotuita tena alikuwa ameshapiga picha ya nyuma ya pua ya mtoto. Zilikuwa nyama za puani, zimevimba na kuziba njia. Ndizo zilizomkoromesha, ndizo zilizojaza usaha masikioni, ndizo zilizorudisha homa. Juu ya hizo akawa anapata malaria kama watoto wengine wa bondeni. Angefanyiwa upasuaji mdogo.

"Na chembe nyeupe?" nikamuuliza. "Nilihesabu mwenyewe."

"Ulihesabu vizuri, nasi tumepata hivyohivyo. Sasa ngoja tuhesabu zako."

Zangu zilikuwa chini pia. Mimi, ambaye sijawahi kulazwa maishani mwangu.

"Watu wengi wa kwetu wako hivi," alisema. "Ni urithi tu. Askari wapo, ila si wengi wanaozurura kwenye damu. Viwango vya ile karatasi yenu ya ukutani vilitoka kwa watu wengine. Umempa mwanao damu yako, mama, basi."

"Kwa hiyo mawe hayakumfanya kitu?"

Aliweka kalamu chini. "Hiyo sikuambii. Nakuambia nilichokiona: pua, malaria na urithi. Kuhusu mawe sijui, na mtu akikuambia anajua sana, muulize amejuaje. Ila dirisha lifungue."

Mtoto alipasuliwa wiki hiyo. Baba yake alikuja akiwa na nguo za safari, akakaa kwenye benchi la wodi ameshika kiatu kimoja cha binti yake. Nilimwambia nilichokuwa nimefikiria juu yake miaka ile yote. Nilidhani atafoka. Alikigeuzageuza kile kiatu, halafu akauliza, "Kwa nini hukuniuliza?" Hata sasa tukilizungumza huwa tunaishia palepale, kwenye swali hilo.

Tuliporudi Kyela, nilikaa siku nne kabla sijapata moyo wa kwenda kwa bibi. Nilimchukua mtafiti. Walikuwa bado wanazunguka, sasa upande wa Ndandalo, na nilipomweleza nilichokifanya alivua ile kofia yake ya pama akaikalia, akasema, "Tungekaa na watu zaidi kabla ya kuwasha kile kidude. Hilo ni kosa letu."

Tulimkuta bibi uani. Nilitegemea anifukuze. Alimpokea mtoto mikononi, akamtazama puani, masikioni, akamnusa kama alivyozoea. "Ndaga fijo," akasema kwa Kinyakyusa, asante sana, akamrudisha. Kisha nikaona mlango wa jiko la nje uko wazi, na ndani kuna kitanda.

"Bibi, unalala jikoni?"

"Kule ndani silali tena."

Jiko lile ni la kuni, dari imekuwa nyeusi kwa masizi. Alikuwa anakohoa. Mwanamke aliyenionyesha mawe ya mumewe siku ya kwanza kama mtu anayeonyesha picha ya harusi alikuwa ameyakimbia, na sasa anavuta moshi kila siku, kwa sababu ya swali langu.

Nilipiga magoti. Kwetu hatupigi magoti hivyo, lakini nilishawaona wao wakifanya kwa wakubwa wao. Nikamwambia kwamba mtoto alikuwa anaumwa pua. Kwamba nilichokisema kuhusu waliokufa kilikuwa cha mtu mwoga, na kwamba sikujua nilichokisema.

Hakuniangalia. Alimwangalia mtafiti.

"Wewe ndiye mwenye mashine," alisema. "Wanangu wawili walikufa wiki moja. Walitoka vipele mwili mzima, macho mekundu, kikohozi. Hospitali wakasema surua. Miaka yote najua ni surua. Sasa niambie. Ilikuwa surua, au nyumba iliwalegeza kwanza, surua ikakuta mlango wazi?"

Nilikuwa nimemsikia mtafiti akijibu maswali ya wakubwa wa wilaya bila kusita. Hapo alisita.

"Mama," akasema, "surua mwaka ule iliua kwenye nyumba za udongo?"

"Iliua. Nyumba kwa nyumba."

"Waliokaa chini, pasipo mawe?"

"Hata wao. Kwa jirani yangu watatu."

"Basi ilikuwa surua. Chanjo ndiyo iliyokosekana. Damu yako wewe tumeipima pamoja na ya wenzako, na kwa hao wachache sijaona chochote cha kuniambia kwamba mawe yanawala watu. Siwezi kukuapia juu ya kila kitu, maana watu ni wachache na mambo haya ni marefu. Lakini hao watoto, hapana. Hukuwaua."

Bibi alishika ukosi wa gauni lake akaukaza. Aliuliza, "Na mume wangu hakuwaua?"

"Hakuwaua."

Aliondoka akaingia migombani na akakaa huko muda mrefu. Sisi tukabaki uani na mtoto, tukigeuza kakao yake kwa sababu ilikuwa inahitaji kugeuzwa.

Nilirudi kuishi kwa bibi mwezi huo. Sikurudi kwa ujasiri. Nilirudi kwa kuwa niliona hakuna njia nyingine ya kuwaonyesha watu wa mtaa ule, na ya kumwonyesha yeye. Fundi alichimba ule ufa akaujaza, akatoboa ukuta wa pili tukaweka dirisha la kupitisha upepo, lenye wavu. Mtafiti alipita na kifaa chake kabla hawajaondoka. Karibu na ukuta bado kililia haraka kuliko uani, maana mawe ni yaleyale. Nilisimama mlangoni. Nilijua yote niliyoambiwa Mbeya, ningeweza kuyarudia neno kwa neno, na bado mwili wangu ulitaka kumnyakua mtoto na kukimbia. Nilisogeza kitanda katikati ya chumba. Daktari hakuniambia nifanye hivyo, wala mtafiti. Nilikisogeza tu.

Wanunuzi wa kakao walirudi. Watoto wa jirani nao walirudi, wa mwisho wao baada ya miezi. Bibi alitoka jikoni wakati wa baridi ya Juni akahamia sebuleni, upande wa mlango, na mlango huo hupenda uachwe wazi kidogo. Katika chumba chake cha zamani, alimokuwa akilala na mumewe, ameweka magunia ya mpunga. Sijamwambia arudi humo na sitamwambia.

Mwanangu sasa anakwenda shule. Ana mashavu. Hakoromi. Lakini mtoto ni mtoto, na majira ya mvua hupata mafua kama wenzake, na akipiga chafya ya kwanza sisi wawili tunanyamaza, mimi kwenye meza, bibi kwenye mkeka wake.

"Daktari," atauliza, bila kuinua uso kwenye mchele anaouchambua. "Ni mawe?"

"Ni mafua, bibi."

Anasubiri kidogo, anasikiliza kama kuna kitu kingine ndani ya sauti yangu. Nami huwa nasubiri pamoja naye.